Mbinu za hisabati kwa fizikia: usome kwa wanafizikia, kwa wanahisabati, au mbele ya kompyuta?

Ukifika mwaka wa tatu wa shahada ya fizikia, hisabati uliyoingia nayo chuoni haikutoshi tena. Mekanika ya kwantamu inakudai opereta (kanuni zinazogeuza funksheni moja kuwa nyingine) na nafasi za vekta zenye vipimo visivyo na mwisho, sumakuumeme inakudai milinganyo ya difrensha yenye masharti ya mipakani, na nadharia ya uhusianifu inakudai tensa, ndugu wakubwa wa vekta na matriki. Deni hilo hulipwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kozi moja nene ya mbinu za hisabati, inayofundishwa na idara ya fizikia yenyewe. Ya pili ni kuvuka kwenda idara ya hisabati na kuchukua kozi zao moja moja: uchambuzi changamano, milinganyo ya difrensha, nadharia ya opereta, jiometri ya difrensha. Ya tatu ni kozi ya fizikia ya kompyuta, ambayo zamani ilikuwa nyongeza tu na sasa inasimama kwa miguu yake.

Wengi huchagua kwa kuulizana ni ipi rahisi kufaulu. Swali hilo halikufikishi mbali, maana ugumu wa kozi hizi si wa aina moja, na anayeteseka kwenye moja huenda akateleza tu kwenye nyingine. La kujiuliza ni hili: jibu likishatoka kwenye karatasi yako, utajuaje kama ni la kuaminika? Kila njia ina namna yake ya kulijibu, na hapo ndipo zinapoachana kweli.

Integrali moja, madarasa mawili

Kozi ya mbinu inakimbia. Kwa muhula mmoja au miwili inapita kwenye namba changamano, mfululizo na badiliko la Fourier, milinganyo ya Sturm na Liouville, funksheni maalumu za Legendre na Bessel, funksheni za Green, tensa, na mara nyingine nadharia ya makundi. Kila mada inapewa wiki moja au mbili, kisha inaachwa. Idara ya hisabati inazichukua mada hizohizo na kila moja inaitengea muhula mzima, na wiki ya kwanza yote inaweza kuishia kwenye maana ya kikomo bila integrali hata moja kupigwa.

Chukua integrali ya cos x/(1 + x²) kutoka −∞ hadi +∞. Kwenye kozi ya mbinu mhadhiri anaweka e^(ix) mahali pa cos x, anafunga njia kwa nusu duara ya upande wa juu, anaona ncha moja tu (mahali funksheni inapolipuka) iliyo ndani, ile ya x = i, anachukua masalio yake (namba inayopima mlipuko huo), anazidisha kwa 2πi, na jibu ni π/e. Mistari mitatu, kisha swali linalofuata.

Kwenye darasa la uchambuzi changamano utasubiri wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuandika mistari hiyo mitatu. Thioremu ya Cauchy ithibitishwe kwanza, mfululizo wa Laurent ufuate, ndipo masalio yaingie. Na ukishafika utaulizwa jambo ambalo kozi ya mbinu mara nyingi hulipita kimyakimya: umejuaje kwamba ile nusu duara, ikipanuliwa bila kikomo, haichangii kitu? Hapa jibu ni jepesi. Funksheni inapungua kwa kiwango cha 1/R², urefu wa nusu duara unakua kwa R tu, kwa hiyo mchango wake unakufa.

Sasa badilisha kidogo: juu uweke x sin x badala ya cos x. Jibu ni lilelile, π/e, lakini hoja ya kwanza imeanguka. Safari hii funksheni inapungua kwa 1/R huku urefu ukikua kwa R, na viwili hivyo vinafutana. Unahitaji lema (thioremu ndogo ya kusaidia) ya Jordan, inayotumia ukweli kwamba e^(iz) inazimika haraka kadiri unavyopanda juu ya mhimili wa namba halisi. Mwanafunzi wa mbinu anaweza kupata majibu yote mawili kwa mwendo uleule, asijue kwamba la pili lilikuwa limesimama ukingoni.

Amepoteza nini? Siku hiyo, hakuna. Kwa sehemu kubwa ya kazi za fizikia, hakuna pia. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaoitazama kozi ya mbinu kama hisabati ya mkato, na historia haiwaungi mkono. Fourier aliwasilisha kazi yake juu ya joto mwaka 1807, Lagrange akawa miongoni mwa waliotilia shaka uhalali wake. Kitabu kilitoka 1822, na uthibitisho wa kuridhisha wa lini mfululizo huo unafikia funksheni yake ulitolewa na Dirichlet mwaka 1829. Muda huo wote hesabu za joto zilikuwa zinafanya kazi. Dirac alitumia funksheni yake ya delta miaka ya 1920 ingawa kwa maana ya kawaida si funksheni hata kidogo. Laurent Schwartz aliijengea msingi miaka ya 1940, akapata nishani ya Fields mwaka 1950. George Green, aliyekuwa na kinu cha kusaga nafaka karibu na Nottingham na aliyejifunza hisabati karibu peke yake, alichapisha mwaka 1828 insha iliyozaa funksheni zinazobeba jina lake. Kupiga hesabu kwanza na kuthibitisha baadaye ni desturi ya fizikia, na mara nyingi wanahisabati wamepata kazi nzuri kwa kufuata nyuma.

Kuna pia mada ambazo idara ya hisabati inaweza isikufundishe kabisa kwenye shahada ya kwanza. Makadirio ya asimptotiki, yaani kukadiria jibu pale namba fulani inapokuwa kubwa sana au ndogo sana, ni mojawapo. Fomula ya Stirling, ya kukadiria n! (zao la namba zote kutoka 1 hadi n), inakupa 10! kuwa takriban 3,598,696, wakati thamani halisi ni 3,628,800; kosa halifiki asilimia 1. Ongeza kipande kimoja tu cha masahihisho, kile cha 1/(12n), na kosa linashuka hadi asilimia 0.003 hivi. Ajabu ni kwamba mfululizo wenyewe, ukiendelea kuongeza vipande bila kuacha, hautulii popote: unalipuka. Mtu aliyelelewa kwenye uthibitisho peke yake huona mfululizo usiotulia akaukimbia. Mwanafizikia hufundishwa aukate wapi.

Pale mbinu zinapokutumbukiza shimoni

Hata hivyo kuna siku kasi ya kozi ya mbinu inadai gharama yake, na mfano mzuri hauhitaji hisabati kubwa. Chembe iko ndani ya kisanduku chenye upana a, kuta hazipenyeki. Hali yake, yaani funksheni ya wimbi lake, ni ψ = √(30/a⁵) · x(a − x). Masharti yote yametimia: ψ ni sifuri kwenye kuta zote mbili, na integrali ya mraba wake ni 1. Ukitafuta wastani wa nishati unapata 5ħ²/(ma²), ambapo m ni masi ya chembe na ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Mpaka hapa hakuna tatizo.

Tafuta sasa wastani wa mraba wa nishati, ili ujue nishati imetawanyika kiasi gani. Opereta ya nishati ni difrensha ya pili iliyozidishwa kwa −ħ²/2m. Mraba wake basi ni difrensha ya nne. Lakini x(a − x) ni ya digrii ya pili: ukiipiga difrensha mara nne unabaki na sifuri. Kwa hiyo wastani wa mraba wa nishati ni sifuri. Toa mraba wa wastani, yaani 25, na mtawanyiko wa nishati unakuwa −25 kwa vizio vya ħ⁴/(m²a⁴).

Mtawanyiko hauwezi kuwa hasi. Ni wastani wa miraba ya namba halisi. Na ukirudi nyuma kukagua, kila hatua inaonekana halali kwa kanuni ulizofundishwa.

Kosa liko mahali ambapo kozi ya mbinu huwa haikai. Opereta si fomula tu. Ni fomula pamoja na uwanja wake, yaani orodha ya funksheni inazoruhusiwa kuzishika. Opereta hii ya kisanduku inaruhusiwa kushika funksheni zinazokuwa sifuri kwenye kuta. Ukiipitisha juu ya ψ mara moja unapata namba isiyobadilika, ħ²/m mara √(30/a⁵), na namba isiyobadilika si sifuri kwenye kuta. Imetoka nje ya uwanja. Kuipitisha opereta mara ya pili juu yake ni kufanya kitu ambacho hakina maana, hata kama kalamu haikukataa. Njia sahihi ni kuipitisha mara moja tu na kuchukua integrali ya mraba wa kilichotoka: unapata 30. Ukitoa 25, mtawanyiko ni 5, chanya, kama inavyopasa.

Mwanafunzi aliyesoma nadharia ya opereta upande wa hisabati angeliona shimo hili kabla ya kulikaribia. Tangu kazi za John von Neumann, zilizokusanywa kwenye kitabu chake cha mwaka 1932, swali la uwanja wa opereta ndilo la kwanza kuulizwa katika hisabati ya kwantamu.

Lakini mwanafunzi mzuri wa mbinu naye hakuachwa mikono mitupu. Ile alama ya kutoa ilimpigia kengele. Anayo njia nyingine ya kuhakiki: aipanue ψ kwa mawimbi ya saini ya kisanduku, achukue miraba ya nishati za mawimbi hayo, azijumlishe kwa uzito wake. Zinabaki namba witiri tu, jumla ya 1/n² kwa witiri ni π²/8, π zote zinafutana, na jibu ni 30 kamili. Hajui kwa nini njia ya kwanza ilidanganya, ila anajua ilidanganya na jibu sahihi analo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya madarasa haya mawili, kwa mtazamo wangu: upande mmoja unakufundisha kuliona kosa kabla halijatokea, mwingine unakufundisha kulinusa likishatokea. Asiyefundishwa lolote kati ya hayo ni yule aliyekariri fomula za mtihani, na huyo yuko kwenye idara zote mbili.

Kompyuta nayo?

Hoja ya kawaida siku hizi ni kwamba programu za aljebra zinatoa π/e kabla hujamaliza kuandika swali, basi ya nini kujitesa. Ina ukweli kiasi. Kwa integrali yenye namba tupu, tumia kompyuta na uendelee na maisha. Lakini fizikia huuliza zaidi jibu linabadilikaje pale kigezo kinapokuwa kikubwa sana au kidogo sana, na programu inaweza kukurushia ukurasa wa funksheni maalumu ambao bila kozi ya mbinu huwezi kuusoma.

Na swali la kuaminika halikuachi hata huku. Springi yenye uzito mwishoni, bila msuguano, isogeze kwa mbinu ya Euler, ambayo ndiyo ya kwanza kufundishwa: kila hatua unapiga mahali papya na kasi mpya kwa kutumia thamani za hatua iliyopita. Chagua vizio ili kasi ya mzunguko iwe 1, na hatua ya muda iwe 0.1. Kwa kila hatua nishati ya springi inazidishwa kwa 1.01. Mzunguko mmoja ni kama hatua 63, na ukimalizika nishati imefika mara 1.87 ya ile ya mwanzo. Hakuna aliyeisukuma. Tiba ni ya mstari mmoja wa programu: piga kwanza kasi mpya, kisha utumie hiyo kasi mpya, si ya zamani, kusogeza mahali. Nishati inaanza kuyumba kidogo juu na chini, lakini haikimbii tena. Sababu ya tiba hiyo kufaulu imo kwenye jiometri ya mekanika ya Hamilton, mada ambayo kozi ya kompyuta huigusa kwa ncha ya kidole.

Kwa hiyo kozi ya kompyuta ni jirani mwema kwa zote mbili, si mbadala wa yoyote. Ukilazimika kuiacha wakati wa shahada, ndiyo iliyo rahisi zaidi kujifunza mwenyewe baadaye, kwa kuwa mashine inakuonyesha papo hapo ulipoharibu. Uthibitisho uliokosewa haukuambii kitu mpaka mtu mwingine ausome.

Muda na mitihani

Kazi za nyumbani za kozi ya mbinu ni ndefu. Swali moja la mlinganyo wa Laplace kwenye silinda linaweza kula kurasa nne za aljebra, na alama ya kutoa iliyopotea ukurasa wa kwanza unaikuta ukurasa wa nne. Unaweza kuifanya ukiwa umechoka, kwa sababu daima kuna hatua inayofuata. Anayepiga msuli anafaulu, na mitihani mingi ya kozi hii hupima wepesi wa mkono kuliko kitu kingine.

Upande wa hisabati, jibu ni mistari sita lakini jioni nzima imeisha ukiitazama karatasi tupu. Huko kuchoka hakuvumiliki. Ukizoea fizikia, ambako kuna daima kitu cha kupiga hesabu, utulivu huo unatisha mwanzoni. Wanafunzi hodari kabisa wa fizikia hupata alama za wastani muhula wao wa kwanza wa uthibitisho, si kwa kukosa akili, ila kwa kuwa wanaandika hesabu pale walipoombwa hoja. Kama alama zako zinabeba ufadhili, lipime hilo kabla ya kuvuka.

Nani achukue ipi

Anayeelekea kwenye majaribio, vifaa, uchambuzi wa data: kozi ya mbinu na ile ya kompyuta, basi. Fourier utaitumia kila siku, na inatosha kujua kwa mkono tabia zake, kwa mfano kwamba funksheni yenye mruko ikijengwa kwa vipande vya Fourier huvuka kilele kwa karibu asilimia 9 ya mruko, na kuongeza vipande hakuondoi mvuko huo, kunausogeza tu karibu na mruko. Hilo ni jambo la Gibbs, na ukikutana nalo kwenye data bila kulijua utadhani kifaa kimeharibika. Anayeelekea kwenye mienendo ya maji na hewa asogee zaidi upande wa kompyuta, lakini asiache asimptotiki.

Anayeelekea kwenye uhusianifu ana hali ya pekee. Tensa za kozi ya mbinu, zile za kupandisha na kushusha vielezo (herufi ndogo za juu na chini ya alama), zinakuingiza mlangoni na unaweza kuishi nazo muda mrefu. Einstein mwenyewe, mwaka 1912, ilimbidi amgeukie rafiki yake Marcel Grossmann, mwanahisabati, aliyemwelekeza kwenye kalkulasi ya Ricci na Levi-Civita. Aliyeipata kalkulasi hiyo kwa njia ya kuhesabu aliifikisha mbali kuliko wengi. Lakini ukitaka kuelewa mashimo meusi kama umbo zima la nafasi na muda, badala ya rundo la vijenzi, jiometri ya difrensha ya upande wa hisabati inalipa haraka. Ningeichukua.

Anayeelekea kwenye misingi ya kwantamu au fizikia ya hisabati yenyewe hana pa kukwepea: nadharia ya opereta, na mapema. Kisanduku cha hapo juu ni mfano mpole; kwenye nusu mstari, kutoka 0 kwenda mbele bila mwisho, opereta ya momentamu (kiasi cha mwendo, masi mara kasi) haiwezi kufanywa kipimo halali cha kwantamu kwa namna yoyote ya kuchagua masharti ya ukutani. Hilo halionekani kwenye fomula.

Kwa ambaye bado hajaamua, ningeanza na kozi ya mbinu, halafu muhula unaofuata nichukue kozi moja ya uthibitisho, moja tu, iliyo karibu na kile kilichonivutia. Mpangilio huo una faida ambayo kinyume chake haina: ukiingia darasa la uthibitisho ukiwa umeshapiga integrali hamsini kwa masalio, kila lema inakukuta na mfano mkononi. Ukianza na uthibitisho, utafika kwenye mbinu ukiwa na mashaka mengi na mkono mzito, na kozi ya mbinu haikusubiri.

Jambo moja la kukagua kabla ya kujiandikisha: usiamini majina ya kozi. "Mbinu za hisabati" ya mhadhiri mmoja ni uthibitisho mtupu, na "uchambuzi changamano" wa mwingine ni integrali tangu mwanzo hadi mwisho. Omba karatasi za maswali za mwaka uliopita usome maswali matatu. Kama yanaanza na "tafuta", uko kwenye mbinu. Kama yanaanza na "onyesha kwamba", umevuka. Na kama kozi ya nadharia ya opereta inadai uchambuzi wa namba halisi kama sharti la kuingilia, lichukulie sharti hilo kwa uzito wake hata pale mhadhiri anapokubali kukuruhusu uingie bila hilo, kwa sababu wiki ya pili tayari watakuwa wanazungumza juu ya mifuatano inayokaribiana ndani ya nafasi zisizo na mwisho, na hakuna atakayerudi nyuma kukuchukua.